Kikundi cha kuacha pombe: utakipata wapi, na siku ya kwanza ukifika ufanye nini

Swali: "Mshauri, habari za kazi. Nina miaka 38 na nimekunywa pombe karibu kila siku kwa miaka mingi. Safari hii nimeamua kuacha. Daktari aliyeniona ameniambia nitafute kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, lakini hakunielekeza pa kuanzia. Naogopa kukutana huko na mtu anayenijua. Mimi si msemaji mbele za watu, tena nimesikia mambo yenyewe ni ya dini, nami si mtu wa ibada. Mke wangu anataka kunisindikiza, je, inaruhusiwa? Na kweli vikundi hivi vinasaidia, au ni kwenda kusimuliana matatizo tu?"

Jibu: Ndugu yangu, salama kabisa. Umeuliza mengi na nitayajibu yote, ila sitafuata mpangilio wako, kwa sababu lipo jambo ambalo hukuliuliza na ndilo la haraka kuliko yote.

Umesema unakunywa karibu kila siku. Je, asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue? Siku usipokunywa unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, usingizi haupatikani? Uliwahi kushikwa na kifafa, au kuona na kusikia vitu ambavyo wenzako hawavioni, siku ulizojaribu kuacha? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, usiache ghafla ukiwa peke yako. Kutetemeka na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa huweza kuja ndani ya saa 48 za mwanzo. Hali mbaya zaidi, ile ya kuchanganyikiwa, kupandwa na homa na kuona mauzauza, kwa kawaida huingia siku ya pili mpaka ya nne, na isipotibiwa inaua. Watu wengi hudhani arosto ya kutisha ni ya dawa za kulevya tu, kumbe ya pombe ni miongoni mwa zile zinazoweza kumtoa mtu roho. Rudi kwa daktari wako, mtajie kiasi halisi unachokunywa bila kukipunguza kwa aibu, aamue kama ulazwe au upewe dawa za kukushusha taratibu huku ukiangaliwa. Muulize pia kuhusu vitamini B1, maana wanywaji wa muda mrefu huishiwa nayo mwilini na upungufu huo huharibu ubongo.

Kikundi hakiwezi kukufanyia kazi hiyo. Wanachama wake si waganga, hata kama wana miaka 20 bila kugusa pombe. Lakini pia usingoje matibabu yaishe ndipo uanze kukitafuta. Katika Alcoholics Anonymous, kikundi cha kimataifa cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, ambacho wengi wanakiita AA tu, sharti pekee la kuwa mwanachama ni hamu ya kuacha kunywa. Mtu ambaye bado anakunywa, mradi hamu hiyo anayo, anakaribishwa.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Anza na AA, kwa sababu ndicho kilichoenea zaidi: kina vikundi katika nchi zipatazo 180. Tovuti yake ya kimataifa ina ukurasa unaoorodhesha ofisi na namba za simu kwa kila nchi, na kwa baadhi ya nchi ipo programu ya simu ya bure iitwayo Meeting Guide inayokuonyesha mikutano iliyo karibu na mahali ulipo, siku na saa zake. Njia ya pili ni hospitali. Usiishie kwa daktari tu. Nenda kitengo cha afya ya akili, ukamuulize muuguzi au ofisa wa ustawi wa jamii. Hao ndio wanaojua kikundi gani kinakutana kweli na kipi kimebaki jina. Njia ya tatu, ambayo watu huisahau, ni nyumba za upataji nafuu, yaani sober house, wanakokaa watu wanaoacha pombe au dawa za kulevya. Hata kama huhitaji kulazwa huko, nyingi zina mikutano ya jioni ambayo mtu wa nje anaruhusiwa kuhudhuria, na wahudumu wake wengi wenyewe walipita njia unayotaka kuipita.

Ukishapata jina na mahali, piga simu kabla ya kwenda. Nalisisitiza hili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: orodha za mikutano huchakaa. Kikundi kinahama ukumbi, kinabadilisha siku, au kinakufa, na orodha inabaki vilevile. Mtu aliyejikaza wiki nzima akafika mbele ya mlango uliofungwa, mara nyingi harudi tena. Anakwenda kunywa akiwa na sababu mkononi. Usijiweke katika hatari hiyo kwa kukosa kupiga simu ya dakika mbili.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi, na ndiyo ningependa uishike hata ukiyasahau mengine yote niliyoandika hapa. Simu ndiyo iliyoanzisha AA. Mwezi Mei mwaka 1935 mfanyabiashara mmoja kutoka New York, Bill W., alikuwa katika hoteli mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na miezi kadhaa bila pombe, biashara iliyompeleka huko ilikuwa imekwenda mrama, na baa ya hoteli ilikuwa hatua chache kutoka aliposimama. Akaenda kwenye simu badala ya baa. Akapiga kwa viongozi wa makanisa ya mji ule akitafuta mlevi wa kuzungumza naye, akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Dr. Bob, ambaye pombe ilikuwa ikimmaliza. Wakaongea kwa saa nyingi. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayohesabiwa kuwa Dr. Bob alikunywa mara ya mwisho, ndiyo inayoadhimishwa kama siku ya kuzaliwa kwa AA. Ona kwamba Bill W. hakupiga simu ili amfanyie mwenzake hisani. Alipiga kwa sababu aliona kwamba asipoongea na mtu anayeijua kiu ile, atakunywa. Vikundi hivi vimejengwa juu ya jambo hilo, na mkutano ni mahali pa kuwapata watu wanaoijua kiu hiyo. Kwa hiyo nikikwambia siku ya kwanza usiondoke bila namba za simu za watu wawili au watatu, usidhani ni adabu tu ya kufahamiana. Mkutano huchukua saa moja au moja na nusu. Kiu inakuja saa ambayo hakuna mkutano.

Katika orodha utakutana na maelezo mafupi pembeni ya kila mkutano. Mkutano wa wazi ni wa yeyote: ndugu, mwanafunzi, mtu anayetaka kujua tu. Mkutano wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe wenyewe. Ipo ya wanawake peke yao, ya vijana, ya kusoma Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kuacha pombe hatua kwa hatua, na ipo ambayo mtu mmoja anasimulia maisha yake mwanzo mpaka mwisho. Kwa mtu asiyependa kusema mbele za watu, huu wa mwisho ndio mwanzo mzuri, kwa kuwa siku hiyo kazi ya kusema ina mwenyewe.

Ukiwa na mikutano miwili mitatu ya kuchagua, angalia saa kabla ya kuangalia umbali. Jiulize: saa ngapi hasa mguu wangu huanza kunivuta kwenda kunywa? Kwa wengi ni pale kazi inapoisha na kabla hawajafika nyumbani, saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Kama ndiyo saa yako, chagua mkutano wa saa hiyohiyo, hata kama uko mbali kidogo. Mkutano wa saa nne asubuhi Jumamosi unaweza kuwa mzuri sana, lakini haukai kwenye tundu ambalo pombe ilikuwa inapita. Katika kazi yangu, hiki ndicho kitu kidogo ambacho nimeona kinaleta tofauti kubwa katika wiki za mwanzo, na ni nadra kukisikia kikisemwa.

Siku yenyewe, fika dakika 15 mapema. Ukichelewa utaingia macho yote yakigeuka, na hicho ndicho unachokiogopa. Ukiwahi utakuta mtu au wawili wanapanga viti na kuchemsha chai. Waambie, "Leo ni mara yangu ya kwanza." Maneno hayo yanatosha, hawatakuuliza zaidi. Ukiona huwezi kukaa bure, saidia kupanga viti. Mikono ikiwa na kazi, hofu hupungua.

Mwenyekiti atafungua, kwa kawaida kwa kusoma maneno mafupi kuhusu kikundi ni nini. Halafu atauliza kama kuna mgeni. Hapo ndipo moyo utakapodunda, kwa hiyo nakupa jibu mapema: "Naitwa fulani, leo nimekuja kusikiliza." Jina moja linatosha. Huhitaji kusema "mimi ni mlevi" kama wenzako wanavyosema. Wao wanalisema kwa hiari yao, na hakuna anayeweza kukulazimisha. Zamu ikikufikia unaweza kusema "napita," na zamu itahamia kwa aliyekaa jirani yako bila mtu kushtuka. Katika mikutano mingi ya AA mtu akisema hajibiwi wala hakatizwi. Akimaliza wanamshukuru, mwingine anaanza. Mara ya kwanza inaweza kukushangaza, maana mtu anasema jambo zito, analia, na hakuna anayempa ushauri. Vumilia. Kimya hicho ndicho kinachomwezesha mtu kusema ukweli bila kujiandaa kujitetea.

Katikati au mwishoni kitapitishwa kikapu. AA haipokei fedha kutoka nje, kila kikundi kinajilipia ukumbi na chai kwa michango ya wanachama wake. Mgeni hatarajiwi kutoa. Mpokeze jirani kikapu, basi. Baadaye huenda ukaona watu wakipewa vishaufu vidogo vya duara, mfano wa sarafu, kuonyesha wametimiza mwezi, miezi mitatu, mwaka. Vikundi vingi vina cha siku ya kwanza pia. Ukijisikia, nyoosha mkono uchukue, usipojisikia, kaa.

Mkutano ukifungwa, usikimbie. Najua utataka kukimbia. Kaa dakika 10. Mazungumzo yenye faida kwa mgeni hutokea pale watu wanapokusanya vikombe: huyu anakwambia nilikaa nyuma kabisa mwezi mzima, yule anakuandikia namba yake nyuma ya karatasi ya ratiba. Omba namba hizo, na kesho yake pigia mmojawao, hata kama huna shida. Sema tu, "Ni mimi wa jana." Ukisubiri mpaka shida ije, utakuwa unampigia mtu usiyemzoea katika saa mbaya kuliko zote, na hutampigia.

Kuhusu kukutana na mtu anayekujua: inawezekana, hasa mahali padogo. Lakini fikiria yeye amefika pale kwa sababu gani. Kaenda kwa shida ileile, na anaogopa kutajwa kama unavyoogopa wewe. Utaratibu wa kutotajana majina nje ya mkutano ni nguzo ya AA. Ndiyo maana hata waanzilishi wake wanaandikwa Bill W. na Dr. Bob. Hata hivyo nikwambie kitu kwa uwazi. Siri ya kikundi inalindwa na heshima ya wanachama. Haina kinga ya kisheria kama mazungumzo yako na daktari. Kwa hiyo mkutanoni zungumzia pombe na inavyokutesa. Yale yanayoweza kukufikisha mahakamani au kumharibia mtu mwingine jina, yapeleke kwa mshauri nasaha au mwanasheria. Na kama hofu hii inakuzuia kabisa kutoka nyumbani, anza na mikutano ya mtandaoni, ipo ya video na ya simu ya sauti tu, na unaweza kuzima kamera. Naihesabu kuwa daraja zuri. Ila mtu akibaki huko peke yake namwona anakosa zile dakika 10 za vikombe.

Tuje kwenye dini. Ulichosikia kina ukweli. Mungu anatajwa waziwazi katika Hatua 12, na mikutano mingi hufungwa kwa sala. Lakini maandishi ya AA yanasema Mungu "kama tulivyomwelewa" na kuacha kila mtu ajijazie, na kikundi hakihusiani na dhehebu lolote, hata kikikutana katika ukumbi wa kanisa; ukumbi huo umepangwa kwa sababu upo na una viti. Wapo wasioamini ambao kwao ile "nguvu iliyo kubwa kuliko sisi" ni kikundi chenyewe: watu 15 wasiokunywa wana nguvu kuliko mmoja anayeshindana na chupa chumbani. Wakati wa sala unaweza kusimama kimya. Na wa dini nyingine asiogope kwamba anabadilishwa imani. Ukijaribu ukaona bado pamekubana, tafuta SMART Recovery, kilichoanza mwaka 1994. Kinatumia mbinu za kisaikolojia: namna ya kuipitisha tamaa ikija, namna ya kupima faida na hasara za kunywa. Mikutano yake inaongozwa na mtu aliyepata mafunzo, na humo watu hujibizana. Hakuna hatua wala sala. Kwa kinadada wanaosoma jibu hili, Women for Sobriety kipo tangu 1975 kwa ajili ya wanawake pekee. Na anayetaka dini iwe wazi kabisa, Msalaba wa Buluu ulianzishwa Uswisi mwaka 1877 kwa msingi wa Kikristo.

Je, vinasaidia? Mwaka 2020 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Wale walioingizwa kwenye AA kupitia tiba iliyopangwa vizuri ya kuwaunganisha nayo, 42 kati ya 100 walikuwa hawajagusa pombe mwaka mzima baadaye, dhidi ya 35 kati ya 100 kwa waliopata tiba nyingine zinazoheshimika. Zisome tarakimu hizo pande zote mbili. Kikundi kinafanya kazi sawa na tiba za kitaalamu au zaidi kidogo, tena bila ada. Na bado zaidi ya nusu hawakufaulu mwaka ule wa kwanza kwa ukamilifu, kwa hiyo usikichukulie kama dawa ya mara moja, wala usikatae dawa halisi. Naltrexone, acamprosate na disulfiram ni dawa zinazoandikwa na daktari kumsaidia mtu asirudie pombe, na zinakwenda vizuri pamoja na kikundi. Mwanachama akikwambia uache dawa uliyoandikiwa, iwe ya pombe, ya sonona au ya kifafa, usimsikilize. AA yenyewe inasema mwanachama asijifanye daktari.

Zipo na dalili nyingine za kukufanya utafute kwingine. Mtu anayeomba umkopeshe fedha. Mtu anayeanza kukutongoza wiki ya kwanza. Kiongozi anayetaka uombe ruhusa yake kwa kila jambo la maisha yako. Baada ya muda utashauriwa kuchagua mlezi, wengi humwita sponsa, mtu mwenye miaka kadhaa bila pombe anayekupitisha katika hatua. Mchague wewe, awe ambaye hakuna uwezekano wa mapenzi kati yenu, na awe mtu ambaye ungependa kuishi kama anavyoishi. Ukiona hamwendani, mshukuru utafute mwingine. Hilo linafanyika kila siku.

Usikihukumu kikundi kwa mkutano mmoja. Vinatofautiana mno: kimoja kimejaa wazee watulivu, kingine vicheko, kingine kinaongozwa na mtu mmoja anayeongea kuliko wote. Nenda vikundi vitatu tofauti, au kimoja mara nne, ndipo uamue. Utasikia pia usemi wa mikutano 90 kwa siku 90. Kwa mwenye mikutano karibu na nafasi ya kutosha ni mpango mzuri, lakini sio sharti. Miwili kwa wiki na simu kila siku ni bora kuliko kila siku kwa wiki mbili kisha kupotea.

Na ukianguka ukanywa? Rudi. Hakuna anayefukuzwa AA kwa kurudia pombe. Ukiwa umekunywa siku hiyohiyo, vikundi vingi vitakuomba usikilize tu bila kusema, na hiyo ni haki. Wenye miaka mingi mle ndani, wengi wao walirudi zaidi ya mara moja, na watakaokupokea bila kukuuliza maswali ni haohao.

Kama eneo lako halina kikundi cha aina yoyote, jua kwamba kwa desturi ya AA wawili au watatu wanaokutana ili wasinywe wanaweza kujiita kikundi, mradi hakifungamani na taasisi nyingine. Muulize yule muuguzi kama ana mgonjwa mwingine anayetafuta mwenzake.

Mwisho, mkeo. Ndiyo, inaruhusiwa kwenye mikutano ya wazi, kwa ile ya faragha atakusubiri nje. Ushauri wangu: kama kuwa naye kutakuvusha mlango, mkutano wa kwanza nendeni pamoja, halafu wa pili nenda mwenyewe, kwa maana akikaa pembeni yako utapima kila neno kabla ya kulitoa. Yeye naye amebeba mzigo wake miaka yote hiyo, na ana mahali pake. Al-Anon ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya wake, waume, wazazi na marafiki wa watu wenye tatizo la pombe, na ndani yake ipo Alateen kwa ajili ya watoto waliofikia ujana. Hahitaji kungoja wewe uache ndipo aende. Anaweza kwenda wiki hii.